Ujerumani na bendera zake mbili zilizogombana

Mtu akitazama mechi ya timu ya taifa ya Ujerumani, kisha akafungua kitabu cha historia ya Tanganyika enzi za Mjerumani, atakuta bendera mbili zisizofanana. Ya uwanjani ina mistari mitatu ya mlalo: mweusi juu, mwekundu katikati, wa dhahabu chini. Ya kitabuni nayo ina mistari mitatu, ila ni mweusi, mweupe na mwekundu. Wengi hudhani ya kitabuni ndiyo iliyozaa ya uwanjani, kwamba Wajerumani walibadili rangi mbili tatu wakaendelea na maisha yao. Sivyo. Ya uwanjani ndiyo kongwe kati ya hizo mbili, na kwa muda wa karne nzima wapenzi wa hii na wapenzi wa ile walikuwa mahasimu wa kisiasa. Ugomvi wao uliwahi hata kuangusha serikali.

Walichogombea kilikuwa swali la mwenye nchi: ni wananchi, au ni mfalme na jeshi lake? Ukilishika swali hilo, mkanganyiko wote wa rangi unaanza kufunguka.

Koti jeusi la kujitolea

Kabla ya 1871 hakukuwa na nchi iitwayo Ujerumani kwa maana ya leo. Kulikuwa na falme, himaya ndogo za makabaila na miji huru, kila moja na bendera yake. Dola Takatifu la Kiroma, lililozifunika zote kijuujuu, lilivunjika mwaka 1806 kwa shinikizo la Napoleon. Alama yake ilikuwa tai mweusi kwenye uwanja wa dhahabu, mdomo na kucha vikiwa vyekundu, lakini ile ilikuwa nembo ya mtawala. Mkulima wa Saxony hakuwa na bendera ya taifa, wala hakuwa na taifa la kulitafutia bendera.

Mwaka 1813, vita dhidi ya Napoleon vilipopamba moto, Meja Adolf von Lützow aliunda kikosi cha kujitolea ndani ya jeshi la Prussia, mojawapo ya falme kubwa za Kijerumani. Kiliwavuta vijana kutoka pande nyingi za nchi za Kijerumani, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu. Wengi wao walijiunga na nguo zao za nyumbani, za rangi mchanganyiko. Njia rahisi ya kuwafanya wafanane ilikuwa kuzitia nguo zote rangi nyeusi, maana nyeusi hufunika rangi yoyote iliyokuwapo. Wakashonea ukingo mwekundu, na vifungo vikawa vya shaba inayong'aa kama dhahabu.

Vita vilipokwisha, vijana hao walirudi madarasani na mawazo yao ya nchi moja. Juni 1815, katika mji wa Jena, baadhi yao walianzisha chama cha wanafunzi kisichojali kwamba huyu katoka Bavaria na yule katoka Hannover. Bendera yao, waliyopewa na wanawake wa Jena mwaka 1816, ilikuwa nyekundu, nyeusi na nyekundu tena, ikiwa na tawi la mwaloni la dhahabu katikati. Oktoba 1817 wanafunzi wapatao 500 walikusanyika kwenye ngome ya Wartburg kudai umoja na uhuru, na rangi hizo zikatawanyika nao waliporudi vyuoni kwao.

Kuhusu asili ya rangi zenyewe, kuna wanaosema zimetoka kwenye sare ya kikosi cha Lützow, na kuna wanaosema zimetoka kwa yule tai wa dola la kale. Mimi naona sare ndiyo maelezo yanayokaa vizuri zaidi, na tai aliletwa baadaye ili kuzipa rangi hizo ukoo wa heshima. Vijana wenyewe waliamini kwa dhati kwamba wamefufua rangi za mababu, na imani hiyo ndiyo iliyowapa nguvu wafalme wakianza kuwabana. Mwaka 1819, mwanafunzi Karl Sand alipomuua kwa kisu mwandishi August von Kotzebue mjini Mannheim, watawala walipata sababu waliyokuwa wakiitafuta. Vyama vya wanafunzi vikapigwa marufuku na magazeti yakawekewa wakaguzi.

Rangi hazikufa. Tarehe 27 Mei 1832 watu kati ya 20,000 na 30,000 walipanda mlima kwenda kwenye magofu ya ngome ya Hambach, katika eneo la Palatinate lililokuwa chini ya mfalme wa Bavaria. Mkutano wa kisiasa ulikuwa haramu, kwa hiyo waliuita sherehe. Bendera ya nyeusi, nyekundu na dhahabu ilipepea juu ya magofu ikiwa na maandishi ya kutangaza kuzaliwa upya kwa Ujerumani. Wiki chache baadaye kuvaa rangi hizo kukawa kosa la jinai.

Zamu yao ilifika 1848. Mapinduzi yalipolipuka Ulaya nzima, wafalme waliingiwa na hofu, na Machi mwaka huo baraza la Shirikisho la Ujerumani, yaani umoja legelege wa falme na miji hiyo, lilelile lililokuwa likiwakamata watu kwa kuvaa utepe, likazitangaza rangi hizo kuwa rangi zake rasmi. Mjini Berlin, baada ya askari kuwapiga risasi raia mitaani, Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia alilazimika kupita mjini akiwa juu ya farasi, utepe wa nyeusi, nyekundu na dhahabu ukiwa mkononi mwake. Bunge la kwanza la Wajerumani wote lilifunguliwa Frankfurt tarehe 18 Mei ndani ya kanisa la Mtakatifu Paulo, na likapitisha sheria ya bendera kwa ajili ya meli za vita na za biashara.

Bunge hilo lilikuwa na bendera na halikuwa na dola. Hata baharini udhaifu huo ulionekana. Juni 1849 meli zake chache zilirushiana mizinga na Wadenmark karibu na kisiwa cha Helgoland, na Uingereza, kupitia waziri wake Palmerston, ikatoa onyo kwamba meli zenye bendera ya dola lisilotambuliwa zinaweza kuhesabiwa kuwa za maharamia. Miezi miwili kabla yake, Friedrich Wilhelm alikuwa ameshakataa taji la ukaizari alilopelekewa na wabunge, kwa kuwa lilitoka mikononi mwa raia wa kawaida. Mwaka 1852 manowari zilianza kuuzwa kwa mnada.

Hesabu ya Bismarck

Bendera ya pili haikutoka kwa wanafunzi wala kwenye mlima wowote. Ilitoka mezani.

Mwaka 1866 Prussia ilipigana na Austria na washirika wake wa Kijerumani. Baadhi ya majeshi ya kusini yaliyopigana upande wa Austria yalivaa utepe wa nyeusi, nyekundu na dhahabu. Prussia ikashinda, na kwa hiyo rangi hizo zikawa kwake rangi za adui aliyeshindwa, juu ya kuwa rangi za wanamapinduzi. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alipounda Shirikisho la Ujerumani Kaskazini mwaka 1867 hakuzitaka hata kidogo, lakini meli za shirikisho zilihitaji bendera moja. Adolf Soetbeer, katibu wa chama cha wafanyabiashara wa Hamburg, alikuwa ameshapendekeza jibu: chukua nyeusi na nyeupe za Prussia, ongeza nyeupe na nyekundu za miji ya biashara ya Hamburg, Bremen na Lübeck. Jeshi na bandari vikaunganishwa kwenye kitambaa kimoja, na ibara ya 55 ya katiba ikalimaliza jambo.

Dola la Kaizari lilipotangazwa 1871 liliirithi bendera hiyo kama ilivyo, kwa matumizi ya meli. Haikuitwa bendera ya taifa rasmi hadi 1892. Wakati huo ilikuwa imeshafika mbali, ikiwa ni pamoja na pwani yetu.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima. Mkataba ulisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, ile nyekundu tupu. Agosti mwaka huo wakala wa kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni nayo ipandishwe. Ilikuwa nyeupe, yenye msalaba mweusi, na pembeni juu kipande chekundu chenye nyota. Liwali wa Pangani alikataa. Manowari ya Kijerumani ikashusha askari, bendera ya Sultani ikateremshwa nyumbani kwa liwali, na watu wa mji wakasimulia kwa uchungu jinsi Wajerumani walivyoingia msikitini na mbwa siku za Idi ya kuchinja. Kilichofuata kinajulikana: vita vya Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Zelewski, aliyepewa na Waafrika jina la Nyundo, naye aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.

Tangu Januari 1891 serikali ya Kaizari yenyewe ndiyo iliyotawala, na mistari mitatu ya nyeusi, nyeupe na nyekundu ikawa bendera ya mabomani. Kwa hiyo babu zetu waliposema bendera ya Mjerumani walimaanisha ile. Hii ya nyeusi, nyekundu na dhahabu haikuwahi kutawala hapa hata siku moja, maana Ujerumani ilipoirudia ilikuwa imeshanyang'anywa makoloni yote.

Jamhuri yenye bendera mbili

Novemba 1918 mabaharia wa Kiel waliasi, Kaizari akakimbilia Uholanzi, na nchi ikawa jamhuri. Bunge la kutunga katiba lilikutana Weimar, na mjadala wa bendera ukawa miongoni mwa mijadala mikali. Wasoshalisti wa mrengo wa kushoto walitaka nyekundu tupu. Wahafidhina walitaka ya Kaizari ibaki, kwa hoja kwamba vijana wamekufa chini yake. Wenye kampuni za meli walikuja na hoja nyingine, kwamba nyeusi, nyekundu na dhahabu haionekani vizuri baharini.

Katiba ya Agosti 1919 ilijaribu kuwaridhisha wote. Rangi za jamhuri zikawa nyeusi, nyekundu na dhahabu. Bendera ya meli za biashara ikabaki nyeusi, nyeupe na nyekundu, ila pembeni juu pawekwe kipande kidogo cha rangi za jamhuri. Ni suluhu ya ajabu. Meli ya Hamburg ikiingia bandari ya ng'ambo ilimwonyesha mgeni dola la zamani kwa ukubwa na jamhuri mpya kama kiraka.

Wapinzani wa jamhuri hawakuita dhahabu kwa jina lake. Waliiita haradali, ile ya kupaka soseji, na wengine walitumia majina machafu zaidi. Wanajeshi wa zamani wa mrengo wa kulia waliandamana na rangi za Kaizari. Upande wa pili, Februari 1924 mjini Magdeburg, wafuasi wa jamhuri waliunda chama kikubwa cha kuilinda na kukiita kwa jina la rangi zake tatu. Kwa hiyo mtu aliyepita mtaani siku ya sikukuu aliweza kujua kila nyumba inapigia kura nani kwa kutazama kilichoning'inia dirishani.

Mei 1926 Rais Hindenburg, jemadari wa zamani wa Kaizari, alisaini amri kwamba balozi za Ujerumani nje ya Ulaya, na zile za kwenye miji ya bandari barani Ulaya, zipandishe pia ile bendera ya meli za biashara. Kwa jicho la mgeni ni jambo dogo la itifaki. Kwa wabunge ilikuwa kumrudisha Kaizari kwa mlango wa nyuma, na siku saba baadaye Chansela (mkuu wa serikali) Hans Luther aliyesaini pamoja na rais alipigiwa kura ya kutokuwa na imani akaondoka.

Hitler alipochukua madaraka, rangi za jamhuri zilikuwa za kwanza kwenda. Machi 1933 Hindenburg aliamuru bendera ya Kaizari na ya swastika, yaani ya chama cha Hitler cha Nazi, zipepee pamoja. Wahafidhina walishangilia, wakidhani yao imerudi. Haikudumu. Julai 1935 waandamanaji wa New York walipanda kwenye meli ya abiria Bremen, wakaing'oa bendera ya swastika na kuitupa katika mto Hudson. Kwa kuwa meli ilikuwa na bendera mbili, Wamarekani waliweza kusema iliyodhalilishwa ni ya chama, si ya nchi. Tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, mjini Nuremberg, sheria mpya iliifanya swastika kuwa bendera pekee ya taifa. Ilipitishwa siku moja na sheria zilizowavua Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Mojawapo iliwakataza pia kupandisha bendera ya nchi. Bendera ya Kaizari nayo ikawekwa kando kama masalia ya watu wasioenda na wakati.

Kitambaa kimoja, nchi mbili

Baada ya 1945 Ujerumani haikuwa na bendera kabisa. Sheria ya washindi wa vita iliagiza meli za Kijerumani zitumie ile bendera ya ishara ya herufi C inayotumika baharini, yenye mistari ya buluu, nyeupe, nyekundu, nyeupe na buluu, ikiwa imekatwa pembe mwishoni ili isichanganywe na ishara halisi. Ilikuwa kitambulisho cha chombo tu, kama namba ya gari.

Wajumbe waliokutana Bonn mwaka 1948 kuandika katiba ya upande wa magharibi walikubaliana karibu wote juu ya rangi. Mpangilio ndio uliowagawa. Ernst Wirmer alileta mchoro wa kaka yake Josef, mwanasheria aliyenyongwa Septemba 1944 kwa kushiriki njama ya kumwondoa Hitler: uwanja mwekundu, msalaba mweusi wenye ukingo wa dhahabu. Baadhi ya wahafidhina waliupenda. Wengine waliona mistari ya 1848 na ya Weimar inatosha, na Mei 1949 hoja yao ilipita kwa kura 49 dhidi ya 1. Ibara ya 22 inasema bendera ya shirikisho ni nyeusi, nyekundu na dhahabu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Ujerumani Mashariki, iliyoundwa Oktoba 1949, ilichagua bendera ileile. Kila upande ulidai kuwa mrithi halali wa 1848, na kwa miaka kumi nchi mbili zilizokuwa haziongei zilitumia kitambaa kimoja. Mwaka 1959 Mashariki ikaongeza nembo yake katikati: nyundo, bikari na shada la masuke ya nafaka. Magharibi waliiita bendera ya wagawanyaji, na kwa miaka kadhaa polisi wao waliiteremsha popote walipoikuta. Kwenye Olimpiki ya 1960 na 1964, ambako pande zote mbili zilishiriki kama timu moja, ilibidi kutengenezwa bendera ya tatu, yenye duara tano nyeupe za Olimpiki kwenye mstari mwekundu.

Mwishoni mwa 1989, ukuta wa Berlin ulipofunguka, watu wa Mashariki walichukua mkasi wakaikata nembo katikati ya bendera zao. Wahungaria walifanya hivyo mwaka 1956, na Waromania walifanya vilevile Desemba hiyo. Kilichobaki kilikuwa bendera ya Magharibi yenye tundu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba 1990, nchi hizo mbili zilipoungana, bendera kubwa, yenye ukubwa wa mita za mraba 60, ilipandishwa mbele ya jengo la bunge la Reichstag mjini Berlin.

Hata baada ya hapo Wajerumani wengi waliona haya kupeperusha bendera. Kombe la Dunia la 2006, lililofanyika kwao, ndilo lililowalegeza; magari, madirisha na mashavu ya watoto yalijaa rangi tatu, na magazeti yaliandika juu ya jambo hilo kana kwamba kuna mgonjwa aliyepata nafuu. Sheria inaendelea kuilinda: kuidhalilisha hadharani kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka mitatu. Lakini mahakama ya katiba ni kali kwa wanaoitumia sheria hiyo vibaya. Mwaka 2008 ilifuta hukumu ya mtu aliyeadhibiwa kwa kuita rangi hizo nyeusi, nyekundu na haradali, yaani tusi lilelile la enzi za Weimar. Uhuru wa kusema, kwa mujibu wa majaji, unaifunika na haradali.

Ikumbukwe kuwa Ubelgiji ina rangi hizohizo. Yao ni mistari ya wima, nyeusi, njano na nyekundu, imetoka kwenye nembo ya Brabant na haina udugu wowote na wanafunzi wa Jena.

Na ugomvi wa zamani haujaisha. Swastika ni marufuku nchini Ujerumani, kwa hiyo wenye siasa kali za kulia hubeba ile ya Kaizari, ambayo sheria ya shirikisho haikuikataza. Tarehe 29 Agosti 2020, katika maandamano ya kupinga masharti ya korona, mamia ya watu walivunja kizuizi wakapanda ngazi za bunge mjini Berlin, bendera za nyeusi, nyeupe na nyekundu zikiwa juu yao. Mwezi uliofuata jimbo la Bremen, mojawapo ya miji mitatu iliyotoa nyeupe na nyekundu kwa bendera hiyo, lilipiga marufuku kuionyesha hadharani. Mchoro wa Josef Wirmer nao umeibuka kwenye maandamano ya watu haohao tangu 2014, mikononi mwa wanaoilaani serikali iliyochaguliwa kwa kura.